Mianzi ya Nchi Mbili

Kijiwe chetu kiko chini ya barabara ya Kasumulu, pale njia ya mtoni inapoachana na njia ya mashine ya kukoboa mpunga. Kina mabenchi mawili. Moja ni gogo. La pili ni kibao cha mradi wa mto, kilichoangushwa na upepo mwaka juzi, tukakionea huruma na kukiwekea miguu. Kimechorwa bendera mbili, ya Tanzania na ya Malawi, na katikati maandishi: TUULINDE MTO SONGWE KWA PAMOJA. Ukikaa kulia unaikalia Malawi, ukikaa kushoto unaikalia nchi yako mwenyewe, na sisi hukaa popote. Watu wa sokoni wanatuita Umoja wa Mataifa, na sifa hiyo tunaistahili kabisa: tunakutana kila siku, tunajadili kila kitu, na hatujawahi kufanya lolote.

Asubuhi hiyo ya Juni tulikuwa wanne. Alikuwapo Liberatus, tunayemwita Profesa kwa sababu redio yake haizimwi. Alikuwapo Rabson Satelaiti, ambaye zamani aliwabebea wapima ardhi kamba na vigingi kwa siku tisa, na tangu siku hizo hakuna kinachopimwa asichokijua. Alikuwapo Kalinga, Mnyalukolo wa Igowole kule Mufindi, aliyekuja kuoa huku na hakurudi kwao. Wa nne ni mimi, Katibu, kwa kuwa nina kalamu. Tusekile alikuwa anatumiminia kahawa. Chini ya benchi kulikuwa na dumu la njano ambalo huwa hatulitaji mbele ya wakubwa.

— Jamani, leo ndiyo leo, Tusekile akasema. Saa nne kamati ya nchi mbili iko mtoni. Wanaandika mashamba yaliyovushwa na mafuriko. Nimeambiwa niende na watu wawili wa upande huu, wanaojua ukingo wa zamani ulipita wapi. Bila hao wawili, jina langu haliandikwi.

Tukanywa kahawa.

Jambo lenyewe tulilijua wote. Shamba la Tusekile, ekari moja na robo aliyoachiwa na mama yake, lilikuwa kwenye kona ya mto. Songwe ulikuwa unalizunguka kama mkono unavyozunguka sahani. Mwezi wa nne, mvua zilipozidi, mto ulichoka kuzunguka. Ukakata huku nyuma, upande wetu, na kulipokucha shamba lilikuwa ng'ambo, na mpunga wake juu yake, haujaguswa. Mwanamke alilala Tanzania na shamba lake likaamkia Malawi.

— Wawili tu, Tusekile akasema tena.

— Dada, suala siyo wawili, Profesa akasema. Suala ni hiyo kamati yenyewe. Unaijua vizuri? Kikao cha kwanza walikaa Mzuzu. Cha pili wakakaa Mbeya. Cha tatu wakarudi Mzuzu kuthibitisha kwamba cha pili kilifanyika. Wanashirikiana kula kuku, ndiyo ushirikiano wa kimataifa huo. Mto wenyewe hawajaugusa hata kwa kidole.

— Leo wanakuja kuugusa, kaka.

— Wanakuja kupiga picha.

— Hata wakipiga picha, si wataandika?

— Haraka haraka haina baraka. Ngoja tulichambue.

Shamba lilikuwa na miezi miwili ng'ambo. Haraka aliyoisema Profesa sijui aliiona wapi.

— Mimi nakwambia mto imehamishwa, Rabson akasema, akiweka kikombe chini. Mto haihami yenyewe. Wale wenzetu wamechimba. Kidogo kidogo, jembe moja moja, mwaka wa tatu huu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wachimbe upande wetu na sisi hapa tunatazama? nikauliza.

— Walikuwa wanajifanya wanavua samaki.

— Uliwaona?

— Niliwaona wakivua. Sasa kwa nini wavue kila siku mahali palepale?

— Kwa sababu samaki wako palepale, Kalinga akasema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema asubuhi hiyo. Rabson akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

— Mnyalukolo, wewe kwenu hakuna mpaka. Kwenu mnapakana na miti ya karatasi ya Mgololo. Kaa kimya.

Kalinga akarudi kwenye kikombe chake.

— Hata hivyo jambo ni kubwa kuliko hilo, Profesa akaendelea. Nilisikia kwenye redio. Songwe unaingia ziwani. Ziwa linatoa Shire. Shire inaingia Zambezi. Zambezi inaingia baharini. Bonde moja, ndugu zangu. Nchi nane ziko kwenye bonde hilo. Sisi hapa tukitema mate, nchi nane zinahusika.

— Kumbe, Rabson akasema. Kumbe nchi nane ndizo zinakula shamba ya Tusekile.

— Sijasema hivyo.

— Umesema nchi nane. Ekari moja na robo ukiigawa kwa nane kila mmoja anapata kitanda cha mchicha. Halafu wanatudanganya ni mafuriko.

— Na mamba, Rabson huyohuyo akaongeza, sasa amepata moto. Mnajua wale mamba wanawahesabu? Nchi mbili zinahesabu kwa pamoja. Mamba wetu ana namba, mamba wao ana namba. Nilipokuwa na wapima ardhi niliona na mashine zao. Sasa mamba ukishampa namba, unampa na kazi. Anapita chini anakwangua ukingo. Nani atamkamata? Ana kibali.

— Mamba mwenye kibali, Tusekile akasema.

— Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Wale ng'ambo ndio wanakula. Na mpunga wako nisikudanganye, wamekwisha kuuvuna. Mimi nimeuona kwa macho yangu.

Tusekile akashusha birika. Kuhusu mpunga hakuwa na mzaha. Mercy, mtoto wake, yuko shule huko Rujewa, na mchele wa kona ile ndio unaompeleka na kumrudisha. Tangu mafuriko hakuwa amevuka. Ni sisi tuliomkataza, kwa sauti moja kama bunge. Tulimwambia akivuka kuvuna bila karatasi atakamatwa kama mwizi, na nchi mbili zitagombana kwa ajili yake. Akatusikiliza. Nasema kweli, sijui alituona watu wa namna gani hata akatusikiliza.

— Umeuona umevunwa? akauliza.

— Umelala chini. Mpunga ukilala chini, dada, hiyo ni wazi.

— Au umeinama kwa sababu umeiva, Kalinga akasema.

— Wewe si tulikwambia ukae kimya?

— Basi twendeni mtoni tukaangalie, Tusekile akasema. Saa mbili na nusu hii. Profesa, wewe ulikuwa unapita pale kila siku ukienda kwa shemeji zako. Ukingo unaujua.

— Dada, mguu. Tangu Jumapili huu mguu siyo wangu.

— Rabson, wewe ulishika kamba za wapima ardhi.

— Ndiyo maana siwezi. Mimi niliapishwa. Siri za vipimo sizisemi.

— Kwa hiyo utamwacha dada wa watu aende peke yake, nikamwambia Rabson, kwa hasira kabisa, kwa sababu nilijua anayefuata kuulizwa ni mimi.

Na kweli Tusekile akanigeukia. Shamba langu limepakana na lake upande wa juu. Tumelima mgongo kwa mgongo miaka kumi na minne. Ukingo ule naujua kuliko ninavyoujua uso wangu. Na langu bado liko Tanzania, namshukuru Mungu.

— Katibu?

— Nina zamu mashineni, nikasema. Mpunga wangu unakobolewa leo.

Mwezi wa sita mwanzoni, mpunga wangu ulikuwa bado shambani. Tusekile alijua. Alilima karibu nao. Alinitazama tu, akaenda kuchochea mkaa.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipotokea kwa njia ya mtoni. Miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini, kanga ameikunja kiunoni, na mkononi ameshika masuke ya mpunga yaliyofungwa kwa jani la mgomba. Akapiga goti kidogo kama wanavyofanya watu wa huku na wa ng'ambo vilevile.

— Mugonile.

— Ndaga, mama. Karibu kahawa, Tusekile akamjibu.

— Ndaga. Naitwa Yudith. Natokea pale ng'ambo, kwa Mwakasungula. Namtafuta mwenye mpunga wa kwenye kona. Nimeuliza barabarani, wameniambia hapa ndipo panapojulikana kila kitu.

Profesa akakaa vizuri. Rabson akajisogeza katikati ya kibao, akawa amekalia bendera zote mbili.

— Mpunga upi? akauliza kwa sauti ya afisa.

Yudith akampita. Akaweka masuke yale mezani kwa Tusekile, karibu na vikombe. Yalikuwa ya njano, mazito, yamejaa mpaka chini.

— Umeiva, akasema. Wiki ya tatu hii nafukuza ndege. Asubuhi mimi, jioni mume wangu, maana ndege wakizoea pale wakimaliza wanahamia kwangu. Nikasema mwenyewe atakuja. Hakuja. Kesho kutwa utaanza kupukutika, sasa nimeona nivuke nimtafute. Au mwenyewe amefariki?

— Ni mimi, Tusekile akasema. Ni wangu.

Akayashika masuke kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka palepale mbele yetu, akayafuta kwa kitambaa cha vikombe.

— Pole. Wewe ni mtoto wa yule mama aliyekuwa anaimba akipalilia? Yule tulikuwa tunamsikia kutoka kwetu.

— Ndiye mama yangu.

— Basi. Kumbe tunajuana.

Nikamtazama Rabson, aliyeona kwa macho yake. Alikuwa anachunguza kucha zake.

— Na hii kamati, Yudith akaendelea, kwetu wamepita jana. Wametaka watu wawili wa kila upande. Mimi nipo, kaka yangu Yohane ananingoja mtoni. Wa kwenu ni akina nani?

— Hilo tunalijadili, Profesa akasema.

— Tangu lini?

— Tangu asubuhi.

Yudith akatikisa kichwa kwa adabu. Alikuwa mgeni, na mgeni hasemi yote. Akatupia macho kule chini mtoni, kisha akaturudia.

— Naomba niulize moja tu, baba zangu. Ile mianzi ya kushika ukingo tulipewa siku moja. Lori moja lile, limetoka Mufindi. Mia nne kwetu, mia nne kwenu, tukapanda siku moja na viongozi wakapiga makofi. Ya kwetu sasa ni mirefu kuliko nyumba. Mto ulikuja mwezi wa nne ukagonga, ukashindwa, ukarudi. Ya kwenu ilipatwa na nini?

Redio ya Profesa ilikuwa inasoma habari za mpira. Aliizima. Sikuwahi kumwona akiizima.

Nitalisema mimi, kwa kuwa nimelaumu wengine vya kutosha. Mianzi yetu haikuliwa na mamba wala na nchi nane. Kalinga alipoiona mara ya kwanza alisema, huu ndio ule wa kwetu, huu unatoa ulanzi, pombe ya mianzi. Akatufundisha. Mvua zikianza unakata ncha ya mwanzi mchanga, unaifunga kikombe cha mwanzi mwingine, maji matamu yanadondoka, na asubuhi na jioni unapunguza tena kidogo ili yaendelee. Yeye alisema tuchukue mitano, sita, ya nyuma, tuiache ya ukingoni. Sisi tulisikia neno tuchukue. Misimu miwili tukaikata vichwa yote mia nne, mmoja mmoja, kuanzia ya shambani kwa Profesa hadi ya mwisho pale nyuma ya shamba la Tusekile. Mwanzi uliokatwa kichwa kila mwaka unakufa mizizi. Mto ulipokuja mwezi wa nne ulikuta vijiti. Na palipokatika ni pale pale nilipokuwa nagema mimi, kwa sababu ni karibu na shamba langu.

Dumu la njano la ulanzi lilikuwa bado chini ya benchi. Yudith alikuwa analitazama.

— Ng'ombe akivunjika guu, Rabson akaanza, halafu mwisho wa methali ukampotea.

Tusekile hakumsubiri. Alipita akikusanya vikombe, vya waliomaliza na vya ambao hawajamaliza. Cha kwangu alikichukua kikiwa nusu. Alimwaga kahawa yote iliyobaki kwenye birika juu ya mkaa, ikatoa moshi na mvuke, tukakohoa. Akayafunga masuke kwenye kitenge.

— Twende, mwenzangu, akamwambia Yudith.

Walikuwa wamefika kwenye mgomba wa kwanza Kalinga aliposimama. Akainama, akatoa dumu chini ya benchi, akaliweka begani.

— Unakwenda wapi na dumu letu? Rabson akamuuliza.

— Yule mama ameuliza swali. Jibu ninalo mimi, nitawaambia hukohuko, kamati yote isikie.

— Watakufunga, Mnyalukolo.

— Watafunga mmoja. Wanataka wawili wa kuonyesha ukingo, sasa amebaki wa pili.

Akashuka. Hakumtazama yeyote, lakini neno wa pili alilisema taratibu, na wote kijiweni tunajua shamba la nani limepakana na la Tusekile.

Profesa akawasha redio. Tukawaona wakishuka, wanawake wawili mbele na Mnyalukolo nyuma na dumu lake, mpaka mashamba yakawameza. Kutoka kijiweni hadi ukingoni ni mwendo wa dakika kumi na tano. Ilikuwa saa tatu na robo.

— Wakirudi watatuambia wamesemaje, Profesa akasema.

— Watatuambia, Rabson akaitikia. Lakini mimi bado nasema mamba.

Nikasogea nikakaa kwenye kibao, upande wa Tanzania, na nikamwambia Rabson aendelee.