Mzee Joab Okeyo na Mmea wa Themanini

Ijumaa, tarehe 30 Juni 1978, Bwana Joab Okeyo atafunga maabara ya biolojia ya chuo chetu na kumkabidhi mtu mwingine ufunguo. Atakuwa ametumika miaka kumi na sita na miezi mitano. Barua yake ya kazi inamwita mtunza maabara. Wanafunzi wanamwita Mzee, na wahadhiri, wakikwama, wanamwita haraka.

Alikuja Januari 1962 kutoka kiwanda cha chai, alikokuwa akifanya kazi kwenye mashine za kukausha. Wakati huo chuo kilikuwa na hadubini mbili na wanafunzi kumi na mmoja wa biolojia. Shule yake mwenyewe iliishia darasa la sita, lakini alijifunza kwa kusimama nyuma ya darasa akifuta chupa iliyokuwa tayari safi. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa akiwarekebishia wanafunzi majina ya Kilatini, kwa sauti ya chini, ili mhadhiri asione haya.

Vyura wa kupasuliwa aliwakamata mwenyewe kwenye mitaro ya mashamba ya chai. Kipkemboi, mlinzi wetu wa langoni, kila akimwona na ndoo alimuuliza kama samaki wameisha kwao ziwani. Mzee alimjibu kwamba hawa vyura wameitwa kuingia chuoni, na Kipkemboi miaka yote hiyo bado yuko langoni. Hao wawili hunywa chai pamoja kila saa nne mpaka leo.

Mimi, msaidizi wake wa maabara, nimekuwa chini yake miaka minne. Niliporudi kazini baada ya kujifungua, macho mekundu kwa kukosa usingizi, hakuniuliza kitu. Alianza tu kuosha vyombo vya glasi kabla sijafika. Lakini siku nilipovipanga vibaya alinigombeza kama wengine, na nilistahili.

Sasa nifike mwaka 1971, maana bila huo tutakuwa tumemuaga nusu.

Bilhah Nyambeki, binti wa mchuma chai, alikuwa mwaka wa mwisho. Kila mwanafunzi alitakiwa kumwonyesha mkaguzi kutoka Nairobi mimea themanini iliyokaushwa, kila mmoja na kibandiko cha mahali na siku ulipochumwa. Ukipungukiwa, hupati shahada. Mvua ya huku mnaijua. Magazeti ya kukaushia hayakukauka, na ukungu ukaanza kuota juu ya kazi ya mwaka mzima.

Mzee akafunga mimea yote kwenye baiskeli, akaipeleka kiwandani kwa shemeji yake Kepher aliyefanya kazi humo, ikalala pale panapopulizwa hewa ya moto kunyausha majani ya chai. Wazo lilikuwa zuri. Ila alilegeza mikanda iliyobana karatasi za mimea ili hewa ipite, na hewa ikapita kweli. Karatasi zilipeperuka usiku, na kabla Kepher hajafika kazini, watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wamezoa mimea kumi na miwili pamoja na chai na kuitia mashineni. Kuna mtu mahali fulani aliinywa, na hatukusikia malalamiko.

Bilhah hakucheka. Zilibaki siku tisa mkaguzi afike. Mwenzake Alexander akamshauri achume majani yoyote nyuma ya bweni na kubandika vibandiko vya zamani, mkaguzi atajuaje? Bilhah alikuwa ameshachukua gundi. Mzee akaishika ile chupa ya gundi, akasema:

"Binti yangu, jani haliwezi kukataa ukiliandikia uongo. Kosa ni langu. Twende tukatafute."

Walitembea siku sita, mpaka Kimulot ukingoni mwa msitu, kwenye matope, Mzee mbele na panga. Walipata kumi na mmoja. Wa themanini, ua dogo linaloota juu ya miti, msimu wake ulikuwa umekwisha.

Bilhah aliweka karatasi tupu. Chini yake Mzee aliandika kwa mkono wake: "Mmea huu uliharibiwa kiwandani na J. Okeyo, mtunza maabara." Mkaguzi alisoma, akavua miwani, akamwambia Bilhah amweleze huo mmea usiokuwepo. Alimweleza robo saa, kutoka mizizi hadi mbegu, bila kutazama daftari. Akafaulu. Leo anafundisha biolojia Kipkelion, na huwaleta wanafunzi wake hapa kila mwaka.

Karatasi ile iko kabatini kwetu. Wiki iliyopita Mzee alitaka kuitoa, asiwaachie watu aibu yake. Nilimwambia hapana, baba, hiyo inabaki, na kabati nikalifunga mimi.

Mzee Joab, asante. Nenda nyumbani kwa mkeo, Mama Jerusa, ukapumzike mchana kama watu wengine. Mungu akupe siku nyingi, zenye afya na wageni wazuri.