Mama Tarehe na Sufuria ya Mchuzi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Tarehe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi cherehani. Alimaliza darasa la nane, na mwaka 1971 akapata cheti cha upishi.

Tarehe 3 Mei 1974 aliajiriwa jikoni kwenye makao ya wazee, akapika huko miaka thelathini na saba. Kila bakuli lililoingia kwenye friji yake lilibandikwa karatasi yenye siku na saa. Mchuzi wa moto aliugawa kwenye trei zenye kina kifupi upoe upesi, kwa kuwa sufuria nzima hupoa juu tu, katikati ikifuga maradhi.

Aliolewa na dereva wa lori tarehe 14 Agosti 1976. Wiki ileile alimwaga nyama ya mama mkwe iliyolala mezani. "Mwanamke gani huyu?" mkwe akafoka. "Anayetaka uzeeke, mama," akajibu. Walinuniana mwezi mzima.

Alistaafu mwaka 2011, akafiwa na mume mwaka 2016. Miguu ilipomgomea, mwaka 2022, mimi na wanawe tulimpeleka makao yaleyale, safari hii akatunzwe. Alikuta friji haina karatasi hata moja. Alilalamika kila wiki, mpaka meneja akanipigia simu mimi, mdogo wake ninayewasomea wasifu huu, kwamba dada anawachochea wazee wagome kula. Nilimwambia, "Dada, umeshastaafu. Kula unachopewa, usitutie aibu." Sikuuliza hata analalamikia nini.

Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025 mchuzi wa kuku uliachwa mezani kwenye sufuria kubwa, umefunikwa, hadi kesho yake. Jumapili mchana ukapashwa moto juujuu na kupakuliwa. Jirani yake wa kitanda, aliyepona, ametusimulia kwamba dada aliisukuma sahani. Mhudumu akamuuliza, "Bibi, tumpigie tena mdogo wako?"

Akala.

Waliugua wazee kumi na mmoja. Dada alifariki hospitalini Jumatano tarehe 15 Oktoba, saa nne asubuhi, wa tatu kati yao. Barua ya rambirambi ya makao inasema ni uzee. Huo ni uongo, na ninausema mbele yenu wote.

Ameacha wana wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja. Mungu ampumzishe kwa amani, na meneja na mimi atunyime usingizi.