Panya Wazee na Shingo ya Soli

Hili sikusimuliwa. Nilikuwepo, tena nimekalia upande wa benchi usioyumba, na macho yangu hayajawahi kuniangusha. Asubuhi hiyo Soli, fundi viatu mwenye kibanda pale kona, alikaa katikati yetu kwenye kijiwe cha kahawa, kola imepanda hadi kidevuni, kuficha uvimbe wa shingoni uliokwisha kufikia ukubwa wa gololi. Hospitali ilimtaka akakatwe kipande kikapimwe, na binti yake alikuwa njiani kumchukua. Soli alikuwa akitafuta sababu ya kutokwenda, na kijiweni sababu hazina bei.

Ya kwanza aliileta Vizimba, anayeosha vizimba vya panya kwenye maabara ya watafiti. Alisema wataalamu walichukua chembe za saratani, wakawapandikizia panya vijana na panya wazee. Kwa vijana uvimbe ukanenepa, kwa wazee ukadumaa.

— Mbegu ni ile ile, alisema. Shamba ndilo limechoka.

Soli akalegeza kola. Miaka yote alikuwa akipaka nywele rangi na kujipunguzia umri mbele ya wateja wa kike. Leo ndiyo mara ya kwanza uzee kumletea faida. Akaanza kutaja maradhi yake kwa fahari, kama mtu anayetaja mashamba aliyorithi.

— Mimi ni mzee, jamani. Muulizeni mgongo wangu.

Plasta, mwashi asiyeamini kuna kitu duniani kisichofanana na ukuta, akasema ukuta uliochakaa hata nyasi zinaukataa. Akaongeza ushauri: Soli aache rangi ya nywele, ashike mkongojo na kukohoa ovyo, ili uvimbe ujue umefikia nyumba ya fukara.

— Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huo wako una miezi, na jembe hujauonyesha.

Vizimba akakuna kidevu. Kumbe habari ilikuwa na nusu ya pili. Kwa saratani ya aina nyingine, alisema, mambo yaligeuka: wazee ndio waliozidiwa, nyama zao zilizochakaa zikawa kama zinaupalilia uvimbe.

— Sasa unasema nini? Soli aliuliza.

— Nasema nilichokiona.

— Uliona, au ulikuwa unaosha?

Plasta hakutetereka. Basi Soli arudi ujanani upesi, alisema, apake rangi na kuruka kamba. Wakabishana kama Soli ni mzee au kijana, mwenyewe akigeuzwageuzwa kama kiatu kilichopotelewa na mwenzake. Mkono wake ulikuwa umerudi shingoni.

Binti yake akafika, akatuamkia, akasikiliza kidogo akiwa wima.

— Samahani, wazee wangu. Uvimbe wa baba ni wa aina gani?

Plasta akautazama ukuta. Vizimba akatazama vidole vyake. Soli alingoja jibu kwa dhati, akiwageukia mmoja mmoja.

— Ndiyo maana wanataka kipande, baba.

Soli akashusha kola yote, mchana kweupe, tukauona uvimbe. Akafunga kibanda, akaondoka na binti yake bila kuaga. Sisi tukatawanyika, maana kahawa ilikuwa imekwisha.

Hapo pa kahawa nimetia chumvi. Birika lilikuwa zito bado. Hakuna aliyenyoosha mkono kumimina.