Waridi la Mhunzi na Jina la Léonce Faraut

Waridi la Mhunzi, marashi yetu ya wanaume, tulilipoteza kati ya mwaka 1998 na mwaka 2018, kidogokidogo, na kila mara tulikuwa tumelinusa wenyewe tukaridhika. Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, anaondoka pia mtu aliyelipima tangu lilipozaliwa. Léonce Faraut, mkuu wa chumba cha mizani na majaribio katika kampuni yetu ya Vaubrune, anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa ya kazi. Nimepewa kurasa mbili za jarida hili nimuage. Nitamuaga. Ila hasara hizi mbili zimeshikana, siwezi kusimulia moja nikairuka nyingine, na tangu Jumatatu sijatulia kwenye kiti.

Tuanze na mtu mwenyewe.

Léonce aliingia kwa mlango wa nyuma mwaka 1986, akiwa na miaka ishirini na mitatu, kuosha mapipa ya chuma. Alikuwa ametoka kufukuzwa kwenye karakana ya baiskeli kule Cannes kwa sababu ya mdomo, na mdomo huo alikuja nao hapa Grasse. Kwenye mizani hakupandishwa kwa kipaji. Mpimaji wa wakati ule aliteguka bega akirusha tufe za chuma uwanjani Jumapili, na Jumatatu asubuhi kijana wa mapipa ndiye pekee aliyeweza kusoma tarakimu za mizani bila miwani. Aliambiwa ashike nafasi kwa wiki mbili. Bega la mwenzake lilipona, lakini Léonce hakuondoka.

Asiyemjua asidhani ninamsifu mtu mpole. Léonce anajisifu mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Huimba akipima, na huimba vibaya. Alipigana na jiko letu miaka mitatu kwa sababu ya aioli, mchuzi ule wa vitunguu saumu ambao bila huo Ijumaa ya Provence si Ijumaa, hadi ikakubaliwa kwamba majaribio yote ya harufu yafanyike Alhamisi. Ndiyo maana hadi leo Alhamisi tunanusa na Ijumaa tunakula. Na wenye kumbukumbu hawajasahau mwaka 1994, aliposimamisha uzalishaji siku mbili nzima akidai kuna sabuni ndani ya shehena ya ndimu. Tulifungua mapipa, tukaosha mabomba, fundi akalala sakafuni akichungulia vali. Sabuni ilikuwa kwenye skafu yake mwenyewe. Mkewe alikuwa amebadilisha aina.

"Angalau mmejua pua inafanya kazi," alisema, wala hakuomba radhi.

Ndiye huyo. Sasa waridi.

Mwaka alioingia ndio mwaka kampuni ilipotoa Waridi la Mhunzi. Wanaume wa enzi ile walikuwa wakilikimbia waridi kama wanavyokimbia kubeba mkoba wa mke sokoni. Kwa hiyo likavishwa moshi, ngozi, pilipili manga, na ile ndevu ya kijivu inayoota kwenye magome ya mialoni, ambayo hunuka msitu baada ya mvua. Ulinusa makaa kwanza, kisha aproni ya ngozi. Ukishasahau kwamba umejipaka kitu, waridi lilitokea kwenye kola ya shati na kukaa mpaka jioni. Wanaume walinunua kwa ajili ya moshi. Wake zao waliwatuma wanunue tena kwa ajili ya waridi.

Mimi kazi yangu ni kununua malighafi. Nilianza kwa kuchuma maua mashambani, mgongo umepinda tangu alfajiri, na nikafika kwenye dawati hili bila cheti cha mtu, kwa hiyo naamini gramu kuliko maneno. Gramu zasema hivi. Katika toleo la kwanza, kila kilo ya mchanganyiko ilibeba gramu kumi na mbili za mafuta mazito ya waridi letu la Mei. Gramu hizo ni karibu kilo sita za maua, yaliyochumwa kwa mkono kabla jua halijapanda. Toleo la pili, mwaka 1998: gramu tisa, na tatu kati ya hizo si za hapa. Toleo la tatu, mwaka 2009: gramu nne. Ndevu za mwaloni nazo zikapunguzwa karibu zote, kwa sababu sheria za Ulaya zilibana vitu vinavyowasha ngozi za watu. Kuhusu hilo sina ugomvi, mtu asikune shingo kwa ajili ya marashi yetu. Lakini hakuna sheria iliyotuamuru kupunguza waridi. Hilo tulilipunguza sisi. Toleo la nne, mwaka 2018: gramu moja, na pengo likajazwa na harufu tamutamu za mbao zilizotengenezwa maabara, zinazopiga kelele dakika kumi za kwanza dukani. Hata nguvu yake imeshuka. La kwanza lilikuwa na sehemu kumi na nane za mchanganyiko katika mia ya chupa. La nne lina kumi na mbili.

Mtasema, kama mabadiliko ni makubwa hivyo, mbona lilipita kwa Léonce?

Lilipita kwa sababu ya desturi yetu wenyewe. Kila toleo jipya hulinganishwa na lililotangulia. Waliokaa chumba cha majaribio wanajua zoezi: pua saba, kila mmoja anapewa vipande vitatu vya karatasi, viwili vimechovywa kwenye harufu moja na cha tatu kwenye nyingine. Mgeni ni yupi? Wasipompata mgeni, toleo limepita. Desturi hiyo ilikuwa na sababu nzuri, maana chupa ya zamani huchacha, na si haki kulipima ua la leo kwa siki ya jana. Basi la pili likapimwa kwa la kwanza, likapita. La tatu kwa la pili, likapita kwa shida. La nne kwa la tatu, likapita. Seremala yeyote atakwambia matokeo yake. Ukikata ubao kwa kuupima na ule uliokata jana, badala ya ule wa kwanza, kila ubao utafanana na jirani yake na meza bado itayumba. Sisi wote tulijua hesabu hiyo kwenye mbao. Kwenye waridi hatukuipiga.

Aliyetupigia hesabu hiyo ni mchinjaji.

Ilikuwa mwezi uliopita, kwenye maonyesho ya waridi mjini. Léonce alikuwa kwenye meza yetu akiwanyunyizia watu mikono, mimi nikiwa pembeni nikiwahudumia wakulima. Akaja Bwana Baptistin Scoffier, mwenye bucha kule Vence, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikunja mkono wa shati, akanyunyiziwa, akanusa.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Waridi la Mhunzi, bwana. Lilelile tangu mwaka themanini na sita," Léonce akajibu, akigonga boksi ambalo limeandikwa maneno hayohayo kwa rangi ya dhahabu.

"Huyu ni binamu yake. Tena binamu wa mbali, yule anayekuja kwenye mazishi tu."

"Mzee wangu, pua zinazeeka. Si kosa lako."

"Pua yangu inazeeka, ya mke wangu je? Ameishi na harufu ile miaka thelathini. Chupa za zamani nilizoweka akiba zimeisha, nikanunua hii yenu, nikaingia chumbani. Akaniambia, Baptistin, sijui umetoka kwa nani, ila huyo mwanamume ulale naye sebuleni."

Watu walicheka. Léonce alicheka kuliko wote, akampa chupa ya bure. Bwana Scoffier aliitazama, akairudisha mezani.

"Nina binamu wa kutosha," alisema, akaenda zake.

Yule mchinjaji alipopotea kwenye umati, Léonce hakuimba tena siku ile. Tulipokuwa tunakunja meza aliniambia, "Assunta, hatujawahi kuweka la kwanza na la nne kwenye trei moja." Nikamwambia la kwanza limechacha. "Chupa imechacha," akasema. "Fomula haichachi."

Alhamisi iliyofuata alipima upya toleo la kwanza, gramu kumi na mbili zote, na ndevu za mwaloni kutoka akiba ya maabara, kwa kunusa kwenye karatasi tu. Akaita pua saba. Vipande viwili vya la nne, kimoja cha la kwanza. Wote saba walimtaja mgeni kabla hawajavuta pumzi ya pili. Mmoja, msichana wa idara ya boksi aliyezaliwa baada ya toleo la pili, aliomba kile kipande aende nacho nyumbani.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, kama mtu wa manunuzi, namshukuru zaidi. Alipima tena, gramu kumi na mbili za waridi, lakini bila ndevu za mwaloni, kama sheria ya leo inavyotaka. Akaliweka karibu na la kwanza. Watatu tu kati ya saba walimpata mgeni. Maana yake ni kwamba kilichopotea hakikuchukuliwa na sheria. Kinaweza kurudi. Maua yapo, wakulima wapo, nimezungumza nao, na hesabu ya mavuno ya mwakani ninayo mezani kwa yeyote atakayegonga mlango.

Léonce alizipeleka karatasi zake kwa Mkurugenzi wetu, Bi. Clotilde Ravanas. Nilikuwepo. Bi. Ravanas ni mtu wa heshima, na nitamnukuu kwa haki. Alinusa, akanusa tena.

"Ni tofauti," alikubali. "Lakini Léonce, wewe mwenyewe ulipitisha matoleo matatu."

"Matatu yote. Mkono wangu huu."

"Sasa unataka nifanye nini na la tano? Limeshakamilika. Mwezi wa tisa liko madukani."

"Liuze. Ni zuri, ni salama, vijana watalipenda. Usiseme tu kwamba ni lilelile."

"Ni maneno ya boksi tu, jamani."

"Kama ni maneno tu, Mkurugenzi, yafute. Wino utabaki mwingi."

Bi. Ravanas alicheka, akasema atafikiri. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Jumatatu hii ikaja sampuli ya boksi la toleo la tano kutoka kwa wachapaji. Maneno ya dhahabu yapo palepale: Harufu ileile tangu 1986. Na chini yake, kama zawadi ya kumuaga, kampuni imeweka sahihi ya Léonce Faraut, imekuzwa, na mkia wake wa F kama ndoano. Toleo la tano, kwa taarifa yenu, lina waridi la Mei gramu sifuri.

Najua nia ilikuwa nzuri. Mtu fulani ghorofani alifikiri: tumpe heshima mzee. Nilimpelekea Léonce sampuli ile mwenyewe, sikutaka aione kwanza dukani. Aliigeuza pande zote, akaipima kwenye mizani yake kwa mazoea, akaiweka chini.

"Bucha ya Vence itaipata," alisema. "Yule mzee atasoma jina langu."



Sasa shukrani, na shukrani hizi ni za kweli. Asante, Léonce, kwa shehena ulizozikataa tukakuchukia na baadaye tukashukuru, na kwa ile moja ya ndimu ambayo bado hatujakusamehe. Asante kwa Alhamisi. Asante kwa wote uliowafundisha kuzika pua kwenye kiwiko cha shati lao ili ipumzike, badala ya kunusa kahawa kama watalii. Asante kwa kuwa na kiburi kikubwa hivyo na bado ukalipima upya toleo la kwanza, ukijua kipimo kitakuangukia wewe. Nenda kwenye bustani yako kule Cabris, mkeo achague sabuni anayotaka, na miaka iliyobaki uimbe mbali na mizani yetu. Afya njema, usingizi mzuri, na mezani kwako kusikose aioli, hata Alhamisi.

Na kwako, Bi. Ravanas. Maboksi elfu arobaini yanaingia mtamboni Jumatatu tarehe 30. Ijumaa tutakusanyika ukumbini, utashika glasi na kumwita Léonce mbele ya watu mia moja na themanini. Kabla ya hapo kuna swali moja, na sitaki jibu la tutafikiri: jina la Léonce Faraut litachapishwa chini ya maneno yale, ndiyo au hapana? Nitakuwa kwenye chumba cha mizani pamoja naye. Tunasubiri neno lako kabla ya saa sita mchana, Ijumaa.

Assunta Talarico
Mkuu wa Ununuzi wa Malighafi