Bi. Ruqayya Tahir na Ruhusa ya Kufunika Mashine

Jarida hili limenyamaza tangu mwezi wa Mei, na wasomaji wanastahili kuombwa radhi. Mashine ya kurudufu iliharibika, kisha karatasi zikaisha, kisha mhariri akaugua. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayotosha. Tunarudi kwa sababu Bi. Ruqayya Tahir anastaafu tarehe 31 Desemba 1999, baada ya kukitumikia Chuo cha Makarani cha Chania kwa miaka thelathini na mitatu. Haingefaa aondoke bila kuandikwa.

Alianza mwaka 1966 mjini Thika, akifundisha upigaji chapa, na mwaka 1981 akahamia tawi la Ruiru. Darasa lake lilikuwa na sheria mbili. Mkono wa mwalimu haugusi mashine ya mwanafunzi. Na somo likiisha, kila mtu huzima swichi ya ukutani na kufunika mashine yake kwa kitambaa. Jentrix Auma, ambaye leo ni katibu muhtasi wa chuo, aliwahi kurudishwa kutoka langoni, mvua ikinyesha, kwa kuwa kitambaa chake kilikaa upande.

Mwaka jana tawi la Ruiru lilipewa kompyuta kumi na mbili zilizokwisha kutumika. Fundi wetu, Calvince, alizitilia mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, yaani ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili na kuurekebisha. Ulikuwa mfumo imara, lakini ulimpokea mtu kwa skrini nyeusi na amri za Kiingereza. Aidha, kila jioni makarani walizima swichi ya ukutani na kufunika, kama walivyofunzwa. Kwa kuwa zilikatiwa umeme kabla ya kufungwa, kila asubuhi kompyuta zilijikagua kwa nusu saa, zikijaza skrini maonyo ya kutisha. Calvince alisema makarani ni wazembe. Mwandishi wa makala haya alikubaliana naye, ingawa yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliozima.

Bi. Ruqayya alikataa. Alisema hao si wazembe bali ni watiifu, naye ndiye aliyewafunza. Akaleta daftari, akamketisha kila karani mbele ya kompyuta, na fundi nyuma yake. Karani alipokwama, fundi aliinuka kumsaidia, na kila mara alirudishwa kitini kwa maneno yale yale: "Calvince mwanangu, kalia mikono yako." Palipomkwamisha mtu paliandikwa, na kesho yake Calvince alipabadilisha. Amri zikawa picha za kubonyeza, na majina yakawa ya Kiswahili. Daftari lilifika ukurasa wa tisini.

Mkuu wa chuo, Bw. Muasya, hakuridhika. Mwezi wa Agosti aliagiza kwamba mtu asiyewahi kugusa kompyuta aandike barua, aitoe kwenye printa, na kufunga mashine, bila msaada. Akishindwa, zote kumi na mbili zipelekwe bohari. Aliyechaguliwa ni mzee Kang'ethe wa Gatongora, mtunza bohari, ambaye alikuwa amekwisha kuzitengea rafu.

Mzee aliandika barua ya kuomba mifagio na chaki, na barua ikatoka. Kisha akasimama, akashika kitambaa kwa mkono mmoja, na kupeleka mwingine kwenye swichi ya ukutani. Calvince alifumba macho. Mzee alipomgeukia Bi. Ruqayya, aliambiwa tu, "Baba Ngendo, usiniangalie mimi." Akaiangalia skrini, akasoma polepole, akashusha mkono.

"Bado haijaniruhusu," alisema.

Akaketi, akabonyeza picha iliyoandikwa Funga Kazi, na kungoja. Skrini ikaandika: "Sasa waweza kufunika mashine." Akaifunika. Kitambaa kilikaa sawa.

Kompyuta zimebaki Ruiru, na rafu ile sasa ina mifagio. Linalobaki ni ombi la Bi. Ruqayya kwamba meza arobaini za kompyuta za Thika nazo zipewe mfumo huo, pamoja na daftari lake. Bodi itakaa mwezi wa Februari.

Bi. Ruqayya, tunakushukuru kwa kila kitambaa ulichoturudisha tukinyooshe. Shamba lako la Murera likupe mavuno na afya, na siku zako ziwe nyepesi. Bodi ikishaamua, iwe ndiyo au siyo, tutakuandikia siku hiyo hiyo. Mzee Kang'ethe ameomba aichape barua hiyo mwenyewe.