Kishikio cha Behewa 41873

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una chai jikoni, ipunguzie moto kwanza, maana leo sitaki mtu anikimbie katikati.

Leo tunamkumbuka Verlin Ostrander wa hapa Corwin Falls, Ohio. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka themanini. Wengi wenu mlimjua kama fundi wa mabasi ya shule. Kama mwanao alifika shuleni salama theluji ikiwa magotini, huenda breki za basi lile zilipita mikononi mwa Verlin. Lakini leo mabasi tuyaache. Nataka kuwaambia habari za behewa moja la mizigo, namba 41873. Ishikeni namba hiyo. Nitairudia mpaka mnichoke.

Verlin alikuwa muunda vibehewa. Msicheke, tafadhali. Vibehewa vyake havikuwa vya kuchezea. Alichukua behewa la kweli, lililotembea kweli kwenye reli, akaliunda upya likiwa dogo mara themanini na saba. Kama la kweli lilikuwa na ngazi ya vidato saba, lake lilikuwa na vidato saba. Ribiti zile za kushikizia bati alizihesabu moja moja kwa lenzi. Zamani reli ilikuwa ikipima uzito wa mabehewa, na wafanyakazi walipaka ubavuni mwezi na mwaka wa kupimwa. Verlin alipaka na tarehe hizo, kwa tarakimu ambazo wewe na mimi bila lenzi tungezidhani uchafu wa nzi.

Mkewe ni Bi Nadine, aliyeishi naye miaka hamsini na miwili. Aliniambia hivi: "Watu walikuwa wakiniuliza kama sina wasiwasi naye, mwanamume anayejifungia chumba cha chini kila Jumamosi. Wasiwasi wa nini? Najua anachotazama kule. Anatazama ribiti."

Na Verlin ulimi alikuwa nao. Siku moja kijana kutoka Indiana alimletea kibehewa chekundu, kazi safi kabisa, akasubiri kusifiwa. Verlin alikigeuza, akakigeuza tena. Akasema, "Rangi nzuri sana hii. Ni ya mwaka 1956. Treni yako ni ya mwaka gani?"

"Ya 1951," kijana akajibu.

"Basi behewa lako limewahi mno. Liambie likasubiri nje miaka mitano."

Kijana yule alicheka mpaka akakaa chini. Alikuja mazikoni Jumamosi. Aliendesha gari kwa muda wa saa nne.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye habari. Waunda vibehewa wa huku hukutana kila Aprili kwenye ukumbi wa kanisa. Hakuna mashindano wala zawadi. Kila mtu anaweka kibehewa chake mezani, na kando yake vitu viwili. Cha kwanza ni picha ya behewa la kweli, kuonyesha kwamba hakubuni. Cha pili ni kadi. Kwenye kadi hiyo mwenyewe anaandika alichokosea. Ndiyo, mmesikia. Mtu anakaa miezi minane akiunda kitu, halafu anaandika kwa mkono wake: bawaba ya mlango imezidi unene, nisameheni. Wanaiita kadi ya makosa. Na sheria yao ni moja: usichokiona kwenye picha, usikiunde. Maneno ya mtu hayatoshi.

Verlin aliishika sheria hiyo maisha yake yote. Aliivunja mara moja tu. Aliivunja kwa behewa 41873.

Baba yake aliitwa Clyde Ostrander. Alikuwa mfunga breki wa reli ndogo iliyopita hapa zamani, reli ambayo siku hizi haipo. Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi ya behewa mpaka juu na kuzungusha gurudumu la breki kwa mikono. Tarehe 14 Novemba 1952, saa moja asubuhi, Clyde alipanda behewa 41873, akaanguka, akafa. Verlin alikuwa na miaka minane. Dada yake Lorene alikuwa na kumi na miwili.

Ripoti ya kampuni ilikuwa na mstari mmoja: mfanyakazi alikosea hatua. Basi. Mama yao hakuukubali mstari ule. Aliwaambia watoto kwamba kishikio cha juu kushoto, kile chuma cha kushika mkono unapomaliza ngazi, hakikuwepo. Kampuni ilijua na haikukirudisha. Baba yenu hakukosea, aliwaambia, alinyoosha mkono akakuta hewa. Alilisema hilo mezani na akalisema kanisani. Na mwaka 1981, alipokuwa anakata roho, aliwashika mikono wote wawili akasema, "Msikubali waseme alikosea."

Wakaahidi. Na mwaka 1983 Verlin akaliunda behewa 41873. Picha alikuwa nayo ya ubavu mmoja tu. Ule mwisho wenye ngazi na breki hakuwahi kuuona popote. Akauunda hivyo hivyo, bila kishikio cha juu kushoto. Kwenye kadi akaandika: "Kishikio hakikuwepo. Chanzo: mama yangu."

Wasikilizaji wapendwa, wale wazee wanaobishana saa nzima juu ya upana wa ubao hawakumuuliza Verlin neno. Nani angethubutu? Walikuwa wakipita pale mezani wanavua kofia. Miaka thelathini na moja kibehewa kile kilionyeshwa bila kishikio. Miaka thelathini na moja.

Halafu ikaja picha.

Aliyeipata ni rafiki yake mkubwa, Orrin Teague, mwalimu mstaafu wa hesabu. Aliikuta mwaka 2014 kwenye boksi la makaratasi, vitu vya nyumbani kwa marehemu mmoja vilipouzwa. Nyuma ilikuwa na penseli: 14 Novemba 1952, behewa 41873, mwisho wa breki. Picha ya siku yenyewe. Orrin aliitazama mara moja akairudisha kwenye bahasha.

"Niliiweka chini ya kiti cha gari wiki sita," Orrin ameniambia. "Kila nikikanyaga breki, bahasha inachungulia. Nikaona hii picha inanisuta."

Akaenda kwa Verlin mchana mmoja wa Juni. Bi Nadine akawakatia pai ya cheri. Orrin hakuigusa.

"Nina kitu chako," akasema. "Ukitaka, nitakichoma hapo nje kwenye jiko la nyama, na hatutakizungumza tena."

"Ni picha?"

"Ni picha."

"Ya upande gani?"

Mtu anaambiwa kitu chake kichomwe, yeye anauliza upande gani. "Mwisho wa breki," Orrin akamjibu.

Verlin aliinuka akanawa mikono. Hakuwahi kushika picha ya zamani na mikono yenye mafuta. Akajifuta, akakaa, akachukua lenzi.

Kishikio kilikuwepo. Juu kushoto, kimenyooka, boliti mbili.

Orrin akajaribu kumfungulia mlango wa kutokea. "Mzee, labda walikifunga baada ya ajali, kabla ya kupiga picha. Kampuni zile unazijua mwenyewe."

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, mtu mwingine yeyote angeupita mlango ule. Mimi ningeupita mbio. Nani angembishia? Verlin alimsukumia lenzi.

"Tazama boliti. Masizi yake na masizi ya bati ni mamoja. Kingekuwa kipya kingeng'aa."

"Inawezekana walipaka..."

"Tazama chaki ya mkaguzi. Imeanzia kwenye bati, imepita juu ya kishikio, imeshukia upande wa pili. Mstari mmoja, haukukatika. Na imeandikwa tarehe kumi na mbili. Siku mbili kabla." Akaiweka lenzi mezani. "Orrin, kishikio kilikuwepo."

Hebu fikirini. Ujuzi wote ule, macho yale aliyoyanoa miaka yote, yakaja kumshitaki yeye na mama yake. Aliumia. Bi Nadine anasema alitoka akakaa ndani ya gari lake gerejini, injini imezimwa, mpaka wakati wa chakula cha jioni. Hakwenda popote. Alikuwa amemwahidi mama yake, na sasa alikuwa na picha.

Kesho yake alikwenda kwa dada yake. Bi Lorene mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na hakujipamba.

"Nilimfokea," alisema. "Nilimwambia, mama alisema hakikuwepo! Akanijibu, mama hakuwepo pale, Lorene. Mama alikuwa jikoni. Nikamwambia, basi liache behewa lako kama lilivyo, nani ataumia? Unajua alinijibu nini? 'Nimeliandika namba. Ukishaliandika namba, si lako tena.' Nikamwambia, nenda ukakae na namba zako. Nikamfungia mlango."

Ndugu wawili waliobaki peke yao duniani, na nyumba zao zinatenganishwa na mitaa mitatu, hawakusemezana miezi kumi. Siku ya Shukrani, siku ya ndugu kula pamoja, Bi Nadine alipeleka sahani ya bata mzinga kwa Lorene. Ilirudi imeoshwa, bila salamu.

Verlin akashuka chumba cha chini. Akaubomoa mwisho wa kibehewa, akaanza upya. Kishikio alikikunja kwa waya mwembamba kama unywele. Kila Jumamosi alikaa mbele ya picha ile. Na katika kutazama na kutazama, mwezi wa tano au wa sita, akaona kitu ambacho siku ya kwanza hakukiona, kwa sababu siku ile macho yake yalikuwa kwenye kishikio tu.

Alimpigia Orrin simu. "Njoo utazame vidato vya chini."

Orrin akaja. "Naona kama vinameremeta."

"Vitatu vya chini. Na tazama huku, kuna matone yaliyoganda yananing'inia. Ni barafu, Orrin. Ngazi ilikuwa na barafu, na ripoti haikuitaja."

Akaiunda na barafu. Kwa vanishi isiyo na rangi, tone moja moja, kwa ncha ya sindano. Mara tatu aliifuta akaanza tena, kwa sababu matone yalikuwa makubwa kuliko ya kwenye picha. Hakutaka kumwongezea baba yake barafu hata kidogo.

Aprili 2015 ukumbi ulijaa. Bi Nadine alikuwa amemfuata Lorene nyumbani kwake akamwambia neno moja tu: "Vaa koti." Lorene akavaa. Akaingia ukumbini na mkoba wake kifuani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile meza. Verlin akasimama. Hakuna aliyemwamkia mwenzake. Lorene akasoma kadi. Ninayo hapa, na nitawasomea kama ilivyo.

"Behewa 41873, asubuhi ya 14 Novemba 1952. Makosa: kwa miaka thelathini na moja nililionyesha bila kishikio cha juu kushoto. Kilikuwepo. Kosa ni langu, kwa sababu niliunda nisichokiona. Vidato vitatu vya chini vilikuwa na barafu. Ripoti haikuitaja, picha inaionyesha. Nani alikosea, picha haisemi."

Lorene akanyoosha mkono. "Nipe hilo dude lako la kutazamia."

Verlin akampa lenzi. Lorene akatazama vile vidato kimoja kimoja. Kisha akasema, bila kuinua macho: "Alimwaga majivu."

"Nani?"

"Baba. Asubuhi ile. Kabla ya kwenda kazini alichota majivu ya jiko akayamwaga kwenye ngazi za mlangoni, ili tusiteleze tukienda shule. Wewe ulikuwa umelala. Mimi nilimwona dirishani, akanipungia mkono."

Miaka sitini na miwili hakuwahi kulisema. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mwanangu, nyumbani kwetu habari ya siku ile ilikuwa kishikio. Barafu haikuwa na nafasi." Na Verlin, ambaye kwa baba yake alikumbuka koti tu na harufu ya mafuta ya taa, pale ukumbini akapata asubuhi nzima ya baba yake. Alikaa kwenye kiti, akalia mbele ya watu, na dada yake akamshika bega. Orrin anasema wazee wote walijifanya wanatazama ribiti.

Kuanzia siku ile mpaka wiki iliyopita, kila Jumapili Lorene alikula mezani kwa Verlin. Walibishana kila Jumapili pia, msidhani wamekuwa malaika.

Kwako Bi Nadine, kwako Bi Lorene, kwako Mwalimu Orrin na waunda vibehewa wote, redio hii inawapa pole. Mmempoteza mtu aliyependa ukweli hata ulipomuuma yeye mwenyewe, na watu hao si wengi. Mungu ampumzishe.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize usiku wa leo, tusisubiri kesho. Kila mmoja wetu ana behewa lake alilolibeba miaka kwa maneno ya mtu anayempenda. Je, umewahi kunawa mikono, ukakaa, ukalitazama? Mimi nimejiuliza, na jibu langu sijalipenda.

Jumamosi, siku ya mazishi, mnakumbuka baridi ilivyokuwa. Nilifika kanisani mapema, nikidhani nitakuwa wa kwanza. Nikamkuta Bi Lorene, miaka themanini na minne, amevaa koti jeusi, ameshika kopo. Alikuwa akishuka ngazi za kanisa kidato kimoja kimoja, akimwaga majivu, ili watakaombeba kaka yake wasiteleze.