Dada Sindano Alipoliacha Gari la Askari

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu aliwaliza mkiwa wachanga, ndiyo maana mkamwita Dada Sindano.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi ya mtaa wetu, kisha sekondari, na mwaka 1982 akahitimu uuguzi. Tarehe 4 Agosti 1984 aliolewa na fundi redio, shemeji yetu huyu aliyeketi hapa, baada ya kumpelekea redio nzima kila wiki, hadi fundi akang'amua kuwa tatizo halikuwa redio, wakajaliwa mabinti wawili.

Vita vilipougawa mji kwa barabara ya kiwandani, dada alikuwa kliniki ya upande huu. Machi 2003 alivuka kwenda upande wa pili na chanjo ya surua ndani ya gari la askari, kwa usalama, na kila mlango ukafungwa. Surua ikaingia, watoto wakazikwa, naye hakuwalaumu akina mama, alisema hata yeye angefunga. Juni akavuka tena, kwa miguu, bila askari, huku sisi nyumbani tukilia kana kwamba tumeshamzika, akaenda kuketi kwenye benchi la msusi aliyeongoza kuikataa chanjo. Msusi akamwambia mbele ya wateja, "We dada, dawa gani hiyo inasindikizwa na bunduki?" Naye akajibu, "Una haki ya kuuliza, mwenzangu, mimi ningepiga na kelele." Akamwomba abebe yeye kisanduku cha barafu, akague kila kichupa mbele ya wazazi, na akiona kasoro amfukuze. Msusi alikubali ili amuumbue, wakazunguka nyumba kwa nyumba, na jioni akamleta mjukuu wake mwenyewe.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani, akafariki tarehe 12 Mei 2025, saa nane mchana, hospitali ya wilaya, mabinti wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufagilia uwanja tuliposhindwa kusimama, na wafanyakazi wenzake, ambao viti vyao mnaviona vitupu, kwa kuwa chanjo ya upande wa pili ni leo, na kliniki ilipotaka kuiahirisha kwa ajili ya msiba, akina mama wa huko walituma ujumbe kwamba wanalia pamoja nasi, ila watoto wameshaogeshwa, wanasubiri.

Pumzika sasa, dada, kwa amani.